Mwalimu wa Hesabu Ndani ya Tuol Sleng

Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, dola ya Marekani inapita kila mahali, ila iwe safi. Ikiwa imechanika kidogo tu pembeni, mama muuzaji anaigeuzageuza, anaimulika juani, kisha anakurudishia bila kusema neno. Chenji ndogondogo unapewa kwa riel, pesa ya kwao, na hesabu yake ni kama riel 4,000 kwa dola moja. Kahawa ya barafu ni dola moja na nusu: unatoa dola mbili, unarudishiwa riel 2,000. Mimi hesabu ndiyo kazi yangu, nafundisha sekondari Arusha, kwa hiyo hayo mahesabu ya papo kwa papo sokoni yalinifurahisha kuliko jumba la mfalme.

Nayataja mapema kwa sababu kuna kipindi nchi hii haikuwa na pesa kabisa. Sisemi kwamba watu walifilisika. Pesa yenyewe ilifutwa. Khmer Rouge, wakomunisti wa Pol Pot, walipoitwaa nchi mwaka 1975 waliilipua Benki Kuu, masoko yakafungwa, mishahara ikakoma. Walikuwa wameshachapisha noti zao wenyewe lakini hazikuwahi kutumika. Riel ikarudi mwaka 1980, wakati wao wameshafukuzwa. Ukilijua hilo, huyo mama anayekagua noti yako kama mkaguzi wa benki huwezi tena kumwona msumbufu.

Niliingia kwa basi kutoka Ho Chi Minh City. Upande wa Vietnam mpaka unaitwa Moc Bai, upande wa Kambodia unaitwa Bavet, na Bavet ni kasino tupu, taa zinawaka mchana. Afisa alinitazama, akaitazama pasipoti, akanitazama tena. Mwafrika, mwanamke, hijabu kichwani, begi mgongoni, peke yake. Nadhani hakuwa na kisanduku cha kuniwekea. Baada ya hapo ni mashamba ya mpunga hadi Neak Loeung, unavuka Mekong kwenye daraja refu, na jioni upo mjini kwenye bodaboda zinazopanda hadi kwenye njia ya miguu. Nilifikia gesti ya wasafiri karibu na mto, bweni la wanawake, vitanda vya juu na chini. Mwalimu wa bweni niliyekuwa mimi enzi hizo angewanyima ruhusa ya wikiendi wale Waholanzi wawili kwa namna walivyotandika.

Mji wenyewe nitaupita haraka maana picha zake zimejaa mtandaoni. Mto Tonle Sap unakutana na Mekong mbele ya jumba la mfalme, na msimu wa mvua Mekong ukifurika unausukuma Tonle Sap urudi ulikotoka, kwa hiyo kwa miezi kadhaa mto unatiririka kinyume. Soko Kuu lina kuba la rangi ya manjano tangu mwaka 1937. Jioni watu wanafanya mazoezi kwa muziki kando ya mto na mtu yeyote anaruhusiwa kujiunga. Nilijiunga. Tuishie hapo.

Tuol Sleng ndiko nilikokwenda hasa.

Leo ni makumbusho, ipo katikati ya mtaa wa kawaida. Kuna saluni, kuna duka la simu, ng'ambo ya ukuta mtu anakamua miwa. Kabla ya 1975 ilikuwa shule ya sekondari iliyoitwa Tuol Svay Prey. Majengo manne ya ghorofa tatu, yamepewa herufi A hadi D, yamezunguka uwanja wenye nyasi, kila darasa linafungukia kwenye baraza ndefu. Mtu aliyefundisha shule ya serikali hapa kwetu hahitaji ramani. Nilijua ngazi zilipo kabla sijaziona. Nilijua ofisi ya walimu ingekuwa upande gani.

Khmer Rouge waliigeuza kuwa gereza la siri, wakaliita S-21. Waliopitishwa humo wanakadiriwa kuwa kati ya 14,000 na 18,000, na wanaojulikana kunusurika hadi Vietnam ilipoingia mjini Januari 1979 ni wachache mno. Bou Meng aliachwa kwa sababu alijua kuchora sura ya Pol Pot. Chum Mey aliachwa kwa sababu alikuwa fundi, cherehani zikiharibika alizitengeneza. Mke wa kila mmoja wao aliuawa.

Unapewa kifaa cha sauti cha masikioni, unatembea peke yako kwa mwendo wako. Jengo A ni vyumba vyenye kitanda kimoja kimoja cha chuma, na ukutani picha ya kitanda hichohicho kilivyokutwa, mwili juu yake. Miili 14 ya mwisho imezikwa hapo uani, makaburi meupe karibu na mlango. Jengo B ni picha za nyuso. Kila aliyeletwa alipigwa picha siku ya kufika, na picha hizo zimepangwa kwenye mbao safu kwa safu, wanaume, wanawake, wazee, wavulana wa umri wa kidato cha kwanza. Nilijikuta nafanya ninachofanya kila Jumatatu asubuhi, napitisha macho safu kwa safu nikitafuta nani hayupo. Jengo C limezibwa mbele kwa seng'enge, kuanzia chini hadi ghorofa ya juu, ili wafungwa wasijirushe. Ndani madarasa yametobolewa milango ukutani na kujengwa vyumba vya matofali ambavyo upana wake haufiki mita moja. Ubao wa kuandikia bado upo ukutani katika baadhi ya madarasa. Mfungwa alifungwa kwa mnyororo chini ya ubao.

Uani kuna nguzo mbili ndefu zenye boriti juu. Wanafunzi walikuwa wanapanda kamba hapo kipindi cha michezo. Baadaye ikawa ya kumning'inizia mtu mikono nyuma hadi azimie, halafu kichwa kinazamishwa kwenye mtungi wa maji machafu azinduke, mahojiano yaendelee. Mitungi ipo. Pembeni kuna bango la kanuni kumi, na mojawapo inasema ukichapwa au ukipigwa shoti ya umeme ni marufuku kulia.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma kabla ya kusafiri. Nilichokuwa sijajiandaa nacho ni karatasi.

S-21 iliendeshwa kwa makaratasi. Mtu akiletwa anaandikishwa jina, kazi, tarehe ya kuingia. Anaandika historia ya maisha yake. Anateswa hadi akiri kwamba ni jasusi wa CIA au KGB au Vietnam, na wengine walikiri vyote vitatu, watu ambao huenda hawakuwahi hata kuvuka mpaka wa wilaya yao. Ungamo linapigwa chapa. Ndani yake lazima kuwe na majina ya wenzake, na hao ndio wanaokamatwa wiki inayofuata. Mwisho kuna orodha ya waliouawa, yenye tarehe. Wengi walikuwa Khmer Rouge wenyewe, mfumo ukijitafuna kuanzia makada wa vijijini hadi mawaziri.

Na maungamo hayo yalisahihishwa. Mkuu wa gereza alikuwa anayasoma moja baada ya jingine, anapigia mstari, anaandika pembeni kwa wino mwekundu: hapa hujaeleza vya kutosha, hapa rudia, huyu bado anaficha. Wino mwekundu. Nina kalamu nyekundu mbili kwenye mkoba wangu sasa hivi ninapoandika.

Jina lake Kaing Guek Eav, anajulikana zaidi kama Duch. Alikuwa mwalimu wa hesabu.

Mtihani wa taifa wa hesabu wa mwaka 1959 alishika nafasi ya pili nchi nzima. Akasomea ualimu, akapangiwa kufundisha Kampong Cham. Mkuu wake ndani ya chama, Son Sen, aliwahi kuwa mkurugenzi wa masomo katika chuo cha ualimu cha taifa. Na Pol Pot mwenyewe, jina la kuzaliwa Saloth Sar, kabla ya kuingia msituni alikuwa anafundisha historia, jiografia na fasihi ya Kifaransa kwenye shule binafsi hapo hapo Phnom Penh. Ukiwakusanya mezani una kikao cha walimu. Hao ndio walioamua kwamba shule zifungwe, vitabu havifai, na kwamba mtu aliyesoma ni adui. Walimu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutafutwa.

Nilikaa kwenye benchi chini ya mti hapo uani muda mrefu. Mtu wa kawaida akitoka Tuol Sleng anajiuliza angefanya nini kama angekuwa mfungwa. Mimi swali hilo halikunijia. Lililonijia ni kwamba kazi zote za karatasi zilizohitajika mle ndani nazijua. Rejesta, mafaili, kusahihisha, kumwambia mtu arudie hadi jibu liwe lile ninalolitaka. Mwalimu wa zamu angeweza kuanza kesho yake asubuhi bila semina.

Kesho yake nilikwenda Choeung Ek, kilomita kama 15 kusini mwa mji. Ukitaka ushauri wangu, usiunganishe sehemu hizo mbili siku moja ingawa madereva wa bajaji wote watakuuzia safari ya pamoja kwa bei nafuu. Ukifika huko umeshachoka utatembea tu bila kusikia kitu.

Ndiko walikopelekwa waliomaliza kuungama. Palikuwa bustani ya matunda na makaburi ya Wachina. Malori yalifika usiku, na jenereta na muziki wa vipaza sauti vilivyotundikwa mtini vilifunika sauti. Risasi ni ghali, kwa hiyo walitumia majembe, mitaimbo, marungu, na vikonyo vya majani ya mivumo, miti ya jamii ya mnazi, vyenye meno kama msumeno. Yamegundulika makaburi ya pamoja 129, yakafukuliwa 86, ikatoka miili karibu 9,000. Mengine yaliachwa yalivyo. Katikati umejengwa mnara wa Kibuddha wa vioo, mafuvu yamepangwa ngazi kwa ngazi. Kuna mti ambao shina lake lilitumika kuulia watoto wachanga, sasa umejaa bangili za rangirangi zilizofungwa na wageni. Mvua ikinyesha vipande vya nguo na meno huibuka kwenye udongo, na wahudumu huviokota. Vibao vinakuomba usikanyage mifupa. Nilikuwa nimevaa makobazi, nikawa natazama chini muda wote. Kuhusu Choeung Ek sina zaidi ya hayo. Kule yote yamekwisha kuamuliwa, hakuna cha kufikiria, unatembea na kunyamaza.

Ijumaa nilitafuta msikiti, na njaa ilichangia. Kifungua kinywa cha Phnom Penh ni wali na nguruwe wa kuchoma, kila kona, kila kibanda, na harufu yake haimwonei aibu mtu. Dereva wa bajaji akanishusha msikiti wa Al-Serkal, mkubwa, mweupe, uliojengwa upya kwa fedha za familia moja ya Emirati. Jirani yake kuna wauzaji wa Kicham wanaochoma mishikaki ya ng'ombe. Wacham ndio Waislamu wa Kambodia, wengi wao wanaishi kandokando ya Mekong. Nilipotoa salamu upande wa wanawake vichwa vyote viligeuka, wakaitikia kwa pamoja, na bibi mmoja akanishika mkono akagoma kuuachia.

Mjukuu wake alijua Kiingereza cha shule, akawa mkalimani. Bibi alisema enzi zile chakula kilipikwa chungu kimoja kwa kijiji kizima, kula nyumbani kwako ni kosa, na siku nyingine kwenye chungu wanaweka nguruwe makusudi huku wanawaangalia. Aliyekataa alijulikana. Misikiti ilifanywa mabanda ya nguruwe, misahafu ikachomwa. Vijiji vya Wacham vya Koh Phal na Svay Khleang viliasi mwaka 1975 kwa ajili ya haki ya kusali, vikapondwapondwa. Nikamuuliza yeye alifanyaje na ile nyama. Mjukuu alitafsiri swali, bibi akacheka, akasema jambo fupi. Mjukuu: "Anasema alikula, ndiyo maana mimi nipo."

Hao Wacham, pamoja na Wakambodia wenye asili ya Vietnam, ndio ambao kisheria mahakama maalumu ya Phnom Penh, iliyoundwa kuwashtaki viongozi wa Khmer Rouge, ilisema walifanyiwa mauaji ya kimbari. Hukumu ilitoka 16 Novemba 2018. Wakhmer, yaani kabila kubwa la nchi hiyo, waliokufa kwa njaa, kazi na marungu, ambao ndio wengi kati ya watu wanaokadiriwa 1,700,000, wanahesabiwa chini ya makosa mengine, uhalifu dhidi ya ubinadamu na kadhalika. Kwa mgeni hilo linashangaza. Kwa mtu wa Arusha halishangazi sana, tumekua na msamiati huo. Nikiwa shule ya msingi magari meupe ya UN yalikuwa yanapita Uzunguni kila asubuhi kwenda AICC, kituo cha mikutano, kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, na dada wa jirani yetu alipata kazi ya usafi pale.

Ndipo nikaanza kulinganisha, kasoro ya ualimu. Mahakama ya Arusha ilishtaki watu 93. Ya Phnom Penh, iliyoanza kazi mwaka 2006 na kufunga hesabu mwaka 2022 ikiwa imetumia zaidi ya dola milioni 300, ilifikisha hukumu kwa watu watatu: Duch, Nuon Chea na Khieu Samphan. Watatu. Pol Pot alikufa Aprili 1998 kwenye kibanda msituni, bila kugusa kizimba cha mahakama hiyo. Serikali iliyokuwa inapaswa kusaidia uchunguzi iliongozwa na Hun Sen, ambaye mwenyewe alikuwa kamanda wa Khmer Rouge hadi alipokimbilia Vietnam mwaka 1977. Nani angemtafuta nani?

Mwaka mmoja wanafunzi wangu waliwahi kuniuliza kwa nini historia inahitaji tarehe. Nitawaletea hii: 2 Septemba 1998, Arusha, Jean-Paul Akayesu anakuwa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Kabla ya kuwa meya wa Taba, Rwanda, alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule. Na 2 Septemba 2020 Duch anafia kifungoni, akitumikia kifungo cha maisha. Tarehe kugongana ni bahati tu, mtu wa hesabu hawezi kukuambia vinginevyo. Kazi zao kugongana sijui niiweke kundi gani.

Kuna jingine linalotuhusu Watanzania na sijawahi kulisikia likisemwa. Vietnam iliingia Phnom Penh 7 Januari 1979 ikamng'oa Pol Pot. Miezi mitatu baadaye, 11 Aprili, jeshi letu likaingia Kampala, Amin akakimbia. Majirani wawili waliochokozwa mpakani, wakavuka, wakaangusha wauaji. Mjomba wangu alikuwa kwenye msafara wa Kampala na hadi leo ukimpa chai atakusimulia. Sisi tulilaumiwa na baadhi ya viongozi wa Afrika, tukabaki na madeni. Vietnam iliwekewa vikwazo, na kiti cha Kambodia kule Umoja wa Mataifa kikaendelea kukaliwa na Khmer Rouge kwa miaka, Marekani, China na Uingereza zikiwaunga mkono. Yaani mafuvu yameshaanza kufukuliwa Choeung Ek, na New York mwakilishi wao ameketi na kibao cha nchi mezani. Nilimweleza hayo mmoja wa wale Waholanzi bwenini, akasema hakujua. Sikumlaumu, na mimi nilikuwa nimeijua wiki hiyohiyo.

Binti wa mapokezi pale gesti anasomea uhasibu jioni. Alinionyesha zoezi la riba inayozaa riba, tukalifanya pamoja kwenye kaunta. Nikamuuliza shuleni walifundishwa nini kuhusu Khmer Rouge. Akasema yeye alifundishwa vizuri kiasi, kuna kitabu cha kiada. Hicho kitabu, cha kwanza cha aina yake kuandikwa na Mkambodia, kilitoka mwaka 2007. Mama yake alisoma wakati hakuna, kwa hiyo hadithi za bibi kuhusu uji wenye punje za kuhesabika mama alizichukulia kama vitisho vya kumlazimisha amalize sahani.

Usiku ule nilituma picha ya Jengo C kwenye kundi la WhatsApp la walimu wenzangu, bila maelezo. Wa kwanza kujibu aliandika: "Hiyo shule gani? Majengo yamekaa vizuri." Nikaandika maelezo marefu, Duch, wino mwekundu, kila kitu. Kundi likapoa. Kisha mwalimu wa fizikia akauliza: "Huyo jamaa alikuwa anafundisha vizuri?"

Nilikuwa nimeshasoma jibu. Wanafunzi wake wa zamani walimkumbuka kama mwalimu makini, mvumilivu, aliyeandika ubaoni kwa mpangilio kama anayenakili kutoka kichwani. Baada ya Khmer Rouge kuangushwa alibadilisha jina, na miaka ya 1990 alirudi tena darasani kabla hajagunduliwa mwaka 1999. Nikaandika: "Sana." Akaweka alama ya macho mawili. Halafu mtaaluma akatukumbusha kwamba alama za mtihani wa muhula mwisho wake ni Ijumaa, na asiyewasilisha jina lake litapelekwa kwa mkuu wa shule.